Haki ya Mgonjwa Saa Nane za Usiku

Ukiingia katika hospitali kubwa ya umma hapa Kenya, mara nyingi kabla hujafika kwenye dirisha la malipo utakuta ubao ukutani. Umeorodhesha huduma moja baada ya nyingine: kumwona daktari, kupimwa damu, kupigwa picha, kuchukua dawa. Kando ya kila huduma pana unachotakiwa kuwa nacho, ada yake na muda utakaosubiri. Chini kabisa pana nambari ya kupiga ikiwa hukuridhika. Ni ubao mzuri na aliyeuweka alifanya jambo la maana. Lakini unasomwa na mwenye nguvu za kusimama. Aliyeletwa kwa machela hauoni, na mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa hana nafasi ya kuusoma. Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya hao wawili, na juu ya mtu anayewapokea.

Kisheria hatuko nyuma. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinasema wazi kuwa hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 28 kinalinda utu na heshima ya kila mtu. Mwaka 2013 Wizara ya Afya ikatoa Mkataba wa Kitaifa wa Haki za Wagonjwa. Ikafuata Sheria ya Afya ya 2017, iliyoeleza kwa kirefu haki ya mgonjwa kuarifiwa juu ya hali yake, kukubali au kukataa matibabu, kutunziwa siri, na kupeleka malalamiko yakachunguzwa. Wakili akikusomea hayo yote utajiona umehifadhika.

Sasa jiulize haki hizo zinamfikiaje mtu aliyelala kitandani. Daktari hupita asubuhi na raundi yake, akaandika kwenye faili, akaenda wodi nyingine. Mkurugenzi wa hospitali yuko ofisini. Mbunge aliyepitisha sheria yuko Nairobi. Saa nane za usiku, dripu inapokwisha, maumivu yanapozidi, mgonjwa anapotaka kwenda haja na miguu haimbebi, aliye karibu ni muuguzi. Kwa hiyo ninalotaka kusema ni hili: haki ya mgonjwa hapa kwetu inatimizwa au inavunjwa na muuguzi kabla ya mtu mwingine yeyote. Na nasema hivyo nikijua kuwa ni mzigo mkubwa, tena tunambebesha mtu ambaye mara nyingi tumemwacha peke yake.

Tuanzie Bungoma. Tarehe 1 Juni 2013, Sikukuu ya Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuwa akina mama watajifungua bila malipo katika hospitali za umma. Wanawake waliokuwa wakizalia nyumbani kwa kukosa pesa wakaanza kufika hospitalini, kama ilivyotakikana. Vitanda vilibaki vilevile, na wauguzi walibaki walewale. Mwezi wa Agosti mama mmoja alifika katika hospitali ya wilaya ya Bungoma kujifungua. Alilala kitanda kimoja na mgonjwa mwenzake. Alilazimika kujinunulia vifaa ambavyo alidhani vimekwisha kulipiwa na serikali. Uchungu ulipomzidi akajikokota hadi chumba cha kujifungulia, akakuta vitanda vyote vina watu. Akageuka arudi wodini. Njiani, ukumbini, akaanguka na kuzirai, na mtoto akazaliwa pale sakafuni.

Alipopata fahamu alikuta wauguzi wamemsimamia wakimfokea kwa kuchafua sakafu. Walimpiga makofi. Walimwamuru ainuke, abebe kondo lake mwenyewe, arudi nalo chumba cha kujifungulia kwa miguu yake. Yeye hakujua kwamba kuna mtu aliyekuwa akirekodi kwa simu. Video ile ikaonyeshwa kwenye runinga na nchi nzima ikaona.

Kesi ilikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 22 Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni akaamua kuwa haki za mama yule zilivunjwa, ikiwemo haki ya afya na haki ya kuheshimiwa utu wake, na kwamba alitendewa kikatili na kwa kudhalilishwa. Akaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi rasmi.

Hukumu ile haikuishia kwa wauguzi. Mahakama iliona pia kwamba serikali ya taifa na ya kaunti zilishindwa kutenga fedha za kutosha na kusimamia huduma hiyo iliyotangazwa kuwa ya bure. Watu wengi waliozungumzia kesi ile walishika upande mmoja. Wapo waliosema wale wauguzi ni wanyama, basi wafukuzwe na yaishe. Wapo waliosema, hasa ndani ya taaluma, kuwa muuguzi naye ni binadamu na amechoka, serikali ndiyo ya kulaumiwa. Mimi nasema uhaba wa vitanda ulimfikisha mama yule sakafuni, na aliyehusika na uhaba huo hakuwa muuguzi. Lakini kofi halikutokana na bajeti. Kumfunika mtu leso hakuhitaji bajeti. Kumwambia “pole mama, mtoto wako tunaye, yu mzima” hakungojei fedha kutoka Hazina Kuu. Na wauguzi wengi wa Kenya wanalijua hilo, maana siku zilezile, katika wodi nyingine zenye msongamano uleule, wako wenzao waliowapokea watoto sakafuni kwa mikono yenye huruma, na hakuna simu iliyowarekodi.

Nije kwenye haki ambayo haipigi kelele, nayo ni haki ya kuelezwa. Nimewahi kukaa na shangazi yangu wodini siku ya kuamkia upasuaji wake. Jioni akaja muuguzi, binti mdogo, na karatasi ya idhini pamoja na kalamu. Angeweza kumwonyesha mahali pa kutia sahihi akaondoka, kwani wodi ilikuwa imejaa na kengele ya kitanda cha pili ilikuwa ikilia. Badala yake akamuuliza, “Mama, kesho unaenda thieta. Umeelezwa unafanyiwa nini?”

Shangazi akajibu, “Daktari alisema ni tumbo, mwanangu.”

Yule binti akarudisha kalamu mfukoni. Akavuta kiti. Akaeleza kwamba kuna uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, na akaonyesha kwa kiganja ukubwa wake na mahali ulipo. Shangazi akawa na swali moja tu: je, wanatoa uvimbe peke yake au wanaondoa na mfuko? Muuguzi akasema, “Hilo mama sitakudanganya, ni la daktari kukujibu, na huweki sahihi mpaka akujibu.” Akaenda akampigia daktari simu. Daktari alikuja usiku, bado na kanzu yake ya kijani ya upasuaji, akajibu. Shangazi akasema alale nalo. Asubuhi akatia sahihi yake kwa mkono usiotetemeka.

Sheria ya Afya inasema mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo, manufaa na hatari zake, na kwamba inapowezekana aelezwe kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayolingana na kiwango chake cha kusoma. Yule binti hakuitaja sheria hata mara moja. Aliitekeleza. Na tazama alivyoifanya kazi yake: hakujitwalia ya daktari kwa kujibu asilolijua, wala hakukubali kuwa mpelekaji wa karatasi. Kumweleza mgonjwa upasuaji ni wajibu wa anayempasua. Anayegundua kuwa mgonjwa hajaelezwa, mara nyingi, ni muuguzi, na hapo ndipo uaminifu wake kwa mgonjwa unapojulikana.

Idhini isiyo na maelezo inaweza kumharibia mtu maisha. Mwezi wa Desemba 2022 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi ya mwanamke anayeishi na virusi vya ukimwi ambaye mwaka 2006, alipokuwa akijifungua kwa upasuaji, alifungwa kizazi bila kukubali kwa hiari na kwa kujua. Alipewa fidia ya shilingi milioni 3. Miaka 16, msikilizaji, tangu siku ile ya kisu hadi siku ya hukumu. Katika miaka hiyo yote hakuna fidia iliyoweza kumrudishia uamuzi alioporwa.

Kuna jambo jingine linaloonekana dogo kuliko yote: kuulizwa jina. Wagonjwa wengi hukasirika wanapoulizwa jina lao na kila muuguzi anayekuja na sindano. “Si mliniandika jana? Si jina liko kwenye faili?” Lakini swali hilo lina sababu. Mwanzoni mwa 2018 nchi ilipata mshtuko kutoka Hospitali Kuu ya Kenyatta. Wagonjwa wawili walikuwa wamelazwa wakiwa hawajitambui. Mmoja alikuwa na donge la damu kwenye ubongo na alihitaji upasuaji. Mwenzake alikuwa na uvimbe kichwani usiohitaji kisu. Vitambulisho vyao vikachanganywa. Aliyepelekwa thieta akawa ni yule asiyehitaji kupasuliwa, na madaktari walikuwa wamekwisha kufungua fuvu na kutafuta donge kwa saa kadhaa ndipo wakang'amua kuwa halipo. Daktari wa upasuaji, mtaalamu wa dawa za usingizi na wauguzi wawili wakasimamishwa kazi.

Huko ndiko haki ya kupata huduma salama inakoweza kuangukia. Mgonjwa aliyezimia hawezi kusema “huyu siye mimi.” Kinywa chake ni utepe wa jina mkononi, na mlinzi wa utepe huo ni muuguzi wa wodini anayemtoa na muuguzi wa thieta anayempokea. Kila mmoja wao akisoma jina, nambari na sababu ya upasuaji, akalinganisha na faili, bila kujali kwamba mwenzake amekwisha kusoma, kosa hupata mahali pa kukwama. Basi wewe uliye macho, ukiulizwa jina mara ya tano kwa siku, litaje lote na ujue unalindwa.

Siri ya mgonjwa nitaipitia kwa kifupi, ingawa inavunjwa kila siku. Wodi zetu nyingi ni ukumbi mmoja mrefu. Pazia likiwepo limekatika ndoano. Ndiyo maana sauti ya muuguzi ina uzito. Kuuliza kwa sauti kuu “nani hapa anatumia dawa za virusi?” ni kumvua mtu nguo mbele ya majirani zake. Kuinama, kusogea karibu, kuuliza kwa upole, ni jambo linalowezekana hata pasipo na pazia. Na ndugu anayepiga simu kutaka kujua “amepatikana na nini” hana haki ya kujibiwa mpaka mgonjwa mwenyewe aseme ndiyo, hata akiwa ni mume, hata akiwa ndiye anayelipa bili.

Nikitaja bili, sina budi kusema juu ya hili la kuwafungia wagonjwa. Mtu amepona, daktari ameandika kwamba aende nyumbani, lakini hana pesa, basi anazuiliwa. Hospitali ya Wazazi ya Pumwani, Nairobi, ni miongoni mwa hospitali kubwa zaidi za uzazi katika ukanda huu. Mwaka 2010 akina mama wawili walizuiliwa pale baada ya kujifungua kwa kuwa hawakuwa na pesa za kulipa. Mmoja alikaa zaidi ya wiki tatu, akilala sakafuni na mtoto wake mchanga. Mwenzake alifungwa pingu kitandani. Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kuwa kuwazuilia kulivunja haki zao, akampa wa kwanza fidia ya shilingi milioni 1.5 na wa pili shilingi 500,000. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya imeuridhia, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano ya deni. Hata hivyo tabia hii haijaisha. Kila baada ya muda tunasikia kisa kingine, cha mzazi, cha mtoto, hata cha maiti iliyozuiliwa mochari.

Ninalowaomba wauguzi katika hili ni zito na sitalipamba. Nguo za mgonjwa mnazitunza ninyi. Mlango wa wodi uko machoni penu. Hospitali inapotaka kumzuilia mtu, inawageuza ninyi kuwa askari jela, na hiyo si kazi mliyosomea wala si kiapo mlichokula. Andika kwenye faili siku na saa aliyoruhusiwa kwenda nyumbani. Mwite afisa wa ustawi wa jamii mapema, siku mgonjwa anapolazwa na ukaona hali yake, usingoje siku ya kutoka. Hospitali za umma zina utaratibu wa kumsamehe ada asiyejiweza, lakini unaanza pale mtu anapousema, na wagonjwa wengi hawajui kama upo. Mwambie. Neno hilo moja limewatoa watu wengi wodini.

Sasa nigeukie upande wa muuguzi, maana tusipoufika tutakuwa tumemdhulumu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa ili nchi ifikie malengo ya maendeleo endelevu inahitaji madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000. Kenya haijafika huko. Maana yake wodini ni muuguzi mmoja usiku na wagonjwa waliojaa kutoka ukuta hadi ukuta, wengine wawili wawili kitandani. Anagawa dawa za saa nne, anapomaliza kitanda cha mwisho ni karibu saa ya kuanza upya. Akitaka kumgeuza mgonjwa aliyepooza asipate vidonda, hana wa kumshikia upande wa pili. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma kuanzia Juni hadi Novemba, takriban miezi mitano, wakidai makubaliano ya mishahara na marupurupu. Wagonjwa waliumia sana, na maumivu hayo siyafichi. Lakini nchi inayoacha mgomo wa wauguzi ufike mwezi wa pili, wa tatu, wa tano, imekwisha kusema inawapima wagonjwa wake uzito gani.

Sheria ileile ya Afya ya 2017 inampa mhudumu wa afya haki ya kufanya kazi mahali salama, na hata haki ya kukataa kumhudumia anayempiga, anayemtukana au anayemnyanyasa kingono, isipokuwa katika dharura ambapo hakuna mhudumu mwingine. Nataka sana jamaa za wagonjwa walisikie hili. Nimeona vijana wenye afya zao wakimtukana sista kwa sababu daktari amechelewa, na sista hana uwezo wowote juu ya daktari. Ukimtukana muuguzi saa mbili usiku kisha ukaenda zako nyumbani, umemwachia mgonjwa wako nani?

Kuna na haki nyingine ya muuguzi ambayo haimo katika bango lolote, nayo ni kusikilizwa na wakubwa zake. Muuguzi ndiye anayeona mapema kwamba dozi iliyoandikwa ni kubwa mno, kwamba mgonjwa aliyesemwa anaendelea vizuri anapumua vibaya, kwamba karatasi ya idhini ina sahihi ya mtu asiyeelewa. Kama akisema anaambiwa “wewe ni nesi tu,” siku nyingine atanyamaza. Na kimya chake atakilipa mgonjwa. Hospitali inayotaka kulinda haki za wagonjwa ianze kwa kumlinda muuguzi anayeinua mkono kwenye raundi. Daktari mwenye hekima humshukuru mbele ya mgonjwa.

Namalizia na yale unayoweza kufanya wewe unayenisikiliza. Ukidhulumiwa hospitalini, andika siku hiyohiyo kabla hasira haijachanganya mambo: jina la wodi, tarehe, saa, kilichosemwa, kilichofanywa, na jina lililo kwenye beji. Anza kwa muuguzi msimamizi wa wodi. Akikupuuza, nenda kwa uongozi wa hospitali, kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kama kosa ni la muuguzi na ni kubwa, Baraza la Wauguzi la Kenya ndilo lenye mamlaka juu ya leseni yake. Kama kosa ni la daktari, lipo Baraza la Madaktari. Huhitaji wakili kuandika barua hizo, na Kiswahili chako kinatosha.

Na yule aliyevuta kiti akakueleza, aliyemgeuza mzee wako usiku kucha, aliyekufunika leso ulipokuwa huna wa kukufunika, mwandikie naye. Tumia jina lilelile la kwenye beji, wodi na tarehe vilevile, upeleke kwa msimamizi yuleyule. Barua hiyo inawekwa kwenye faili lake, na siku ya kupandishwa cheo inasomwa.